Picha Kuchanika na FPS Kukwama: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Picha inayochanika katikati ya gemu si ushahidi kwamba kadi yako ya michoro ni dhaifu. Mara nyingi ni kinyume chake: kadi inatoa fremu nyingi kuliko monita inavyoweza kuonyesha. Na gemu inayogoma kupita FPS 60 (fremu, yaani picha nzima, 60 kwa sekunde) hata baada ya kushusha ubora wote wa michoro, mara nyingi haijashindwa; kuna mahali imeamriwa isipite hapo. Matatizo haya mawili huja pamoja kwa sababu mzizi wao ni mmoja: kadi ina saa yake, monita ina saa yake, na hakuna anayezipatanisha. Ukishajua ni ipi inayoitangulia nyingine, marekebisho ni ya dakika chache. Usipojua, utabadilisha vitu kumi kwa mpigo, picha itatulia, na hutajua kipi kilichoitibu wala kipi kinachokuchelewesha sasa.

Kwa hiyo fuata kanuni moja katika hatua zote zinazofuata: badilisha kitu kimoja, rudi kwenye gemu, angalia, ndipo uguse kingine.

Kinachotokea ndani

Monita ya 60 Hz huchora picha nzima mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.67. Ya 144 Hz huchora kila baada ya milisekunde 6.94, na ya 240 Hz kila baada ya 4.17. Haichori kwa pigo moja. Inaanza na mstari wa juu kabisa na kushuka hadi wa mwisho chini. Kadi nayo huweka fremu iliyokamilika kwenye bafa, na humo ndimo picha inaposomwa. Pasipo kitu cha kuizuia, kadi ikimaliza fremu mpya inabadilisha bafa papo hapo, hata kama usomaji umefika katikati. Ni kama mtu anayesoma ukurasa kwa sauti, akafika mstari wa kumi na tano, mwenzake akamchomolea ukurasa na kumwekea mwingine: anaendelea na mstari wa kumi na sita, lakini wa habari nyingine. Sehemu ya juu ya skrini inabaki na fremu ya zamani, ya chini inapata fremu mpya. Kama kamera ya gemu ilikuwa inageuka, nguzo iliyosimama wima inaonekana imekatwa na kipande kimoja kimesogea pembeni.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Mchaniko hauji tu FPS zikizidi Hz za monita. Gemu inayotoa FPS 45 kwenye monita ya 60 Hz inaweza kuchana vilevile, kwa kuwa fremu bado inabadilishwa wakati wowote inapokamilika. Kushusha FPS peke yake hakutibu kitu. Tena, ukiweka kikomo cha FPS 60 kwenye monita ya 60 Hz bila kuwasha usawazishaji wowote, unaweza kujiongezea adha: saa mbili zinakaribiana mno, basi mstari wa mchaniko unakaa karibu mahali palepale na kutambaa polepole juu au chini, na jicho linaukamata bila shida. FPS zikiwa nyingi sana, michaniko huwa mingi lakini midogo, kwa sababu tofauti kati ya fremu mbili zinazofuatana ni ndogo. Ndiyo maana wachezaji wa gemu za kufyatua risasi wenye monita za 240 Hz au zaidi huacha FPS bila kikomo wala usawazishaji na hawasumbuki.

Kwanza hakikisha ni mchaniko kweli

Ingia kwenye gemu, simama mbele ya kitu kirefu kilicho wima, mlango au nguzo, kisha sogeza kipanya kushoto na kulia kwa mwendo wa wastani. Mchaniko hujionyesha kama mkato wa mlalo unaopita upana wote wa skrini. Sasa piga picha ya skrini kwa kibodi na uifungue. Ikiwa mkato haumo, ni mchaniko, kwa kuwa picha ya skrini huchukua fremu nzima kabla haijafika kwenye monita. Ukitaka kuunasa, tumia kamera ya simu. Ikiwa picha ya skrini yenyewe ina vipande vilivyoharibika, pembetatu zinazoruka au rangi za ajabu, tatizo ni lingine kabisa: kadi imepandishwa kasi kupita uwezo wake, inapata joto kali, kumbukumbu yake ina hitilafu, au draiva (programu inayoendesha kadi) imeharibika. Skrini inayozimika kwa sekunde moja na kurudi, au inayomwaga vidoti vyeupe, inaelekeza kwenye kebo. Vivuli vinavyofuata kitu kinachokimbia ni uzito wa paneli ya monita kubadilisha rangi, na V-Sync, yaani usawazishaji wa kadi na monita, haitavigusa.

Kisha washa takwimu juu ya gemu. Steam ina kihesabu cha FPS, programu za NVIDIA na AMD zina chao, na Windows ina Game Bar inayofunguka kwa kitufe cha Windows na G. Kama unaweza, tumia RivaTuner Statistics Server, maarufu kama RTSS, inayokuja pamoja na MSI Afterburner, kwa sababu inachora grafu ya muda wa kila fremu. Kihesabu cha FPS kinatoa wastani, na wastani huficha. Gemu inaweza kuandika 60 huku fremu moja ikichukua milisekunde 10 na inayofuata 23. Jicho linaliona hilo, namba hailioni. Grafu ikilala karibu kama uzi ulionyooka, mambo ni mazuri hata kama namba yenyewe si kubwa.

Picha inachanika katika kila gemu

Anza na monita. Kwenye Windows, bofya kulia kwenye eneo-kazi, fungua mipangilio ya onyesho, nenda kwenye mipangilio ya kina, uangalie kasi iliyochaguliwa. Monita za 144 Hz au 165 Hz zinazofanya kazi kwa 60 Hz ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa Windows huweza kuchagua 60 monita inapochomekwa kwa mara ya kwanza, au kurudi hapo baada ya kubadilisha kebo au draiva. Kama kasi unayoitarajia haimo kabisa kwenye orodha, angalia kebo. HDMI 1.4 inafika 1080p kwa 120 Hz. HDMI 2.0 inabeba 1440p kwa 144 Hz, lakini kwa 4K inaishia 60 Hz. DisplayPort 1.2 inabeba 1440p kwa 165 Hz. Na hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi ya michoro yenyewe, si kwenye tundu la ubao mama lililo juu yake.

Baada ya hapo una njia tatu, na chaguo linategemea vifaa vyako.

Kama monita yako ina uwezo wa kufuata kasi ya kadi, yaani VRR (kasi inayobadilika), iwe ni G-SYNC, FreeSync au VRR ya HDMI 2.1, hiyo ndiyo njia bora na usihangaike na nyingine. Hapa monita haina tena saa ngumu; inangoja fremu ikamilike ndipo ianze kuchora. NVIDIA ilitangaza G-SYNC mwaka 2013 ikitumia kipande maalumu cha umeme ndani ya monita. VESA, shirika la viwango vya skrini, ikaingiza Adaptive-Sync kwenye DisplayPort 1.2a mwaka 2014, AMD ikajenga FreeSync juu ya msingi huo, na Januari 2019 NVIDIA nayo ikaruhusu kadi zake kuanzia mfululizo wa GTX 10 kutumia monita za aina hiyo. Leo hata monita nyingi za bei ya chini zina uwezo huu, na watu wengi wanao mezani bila kuuwasha.

Kama huna, V-Sync. Inaiamuru kadi isibadilishe bafa mpaka monita imalize kuchora. Mchaniko unakwisha kabisa, lakini unaulipia kwa kuchelewa kwa amri za mkono, na FPS zikishuka chini ya kasi ya monita, mwendo unakwama. Nitarudi kwenye yote mawili.

Ya tatu ni zile aina za kati. NVIDIA ina Adaptive V-Sync, inayojizima FPS zikishuka chini ya kasi ya monita, hivyo unapata mchaniko kidogo badala ya mkwamo. Fast Sync ya NVIDIA na Enhanced Sync ya AMD huiacha kadi ikimbie, kisha huonyesha fremu mpya zaidi iliyokamilika na kutupa nyingine. Majina yanavutia, lakini Fast Sync inafaa tu pale FPS zinapozidi kasi ya monita kwa mara mbili au zaidi. Chini ya hapo inatupa fremu bila mpangilio na mwendo unadundadunda. Binafsi simshauri mtu aanze nayo.

V-Sync imewashwa, lakini mchaniko upo palepale

Sababu ya kwanza ni kwamba V-Sync imewashwa mahali pamoja na kuzimwa pengine. Draiva ikiwekwa kuzima V-Sync kwa nguvu, chaguo la ndani ya gemu halisikilizwi. Fungua paneli ya draiva, rudisha gemu hiyo kwenye hali ya kufuata matakwa ya programu, halafu uwashe V-Sync ndani ya gemu. Ikishindikana, fanya kinyume: zima ndani ya gemu, washa kwenye draiva. Sehemu moja inatosha.

Sababu ya pili ni jinsi gemu inavyokaa kwenye skrini. Tangu Windows 8, kitunga-madirisha cha Windows, yaani sehemu inayopanga madirisha kwenye skrini, hakizimiki, nacho huonyesha madirisha kwa kufuata kasi ya monita. Kwa hiyo gemu nyingi za zamani haziwezi kuchana zikiwa kwenye dirisha lisilo na kingo, hata V-Sync ikiwa imezimwa. Hiki ni kipimo kizuri cha kutafuta chanzo: badilisha kutoka skrini nzima kwenda dirisha lisilo na kingo, na mchaniko ukitoweka, umejua kwamba V-Sync ya gemu haifanyi kazi katika hali ya skrini nzima. Gemu mpya huweza kuomba ruhusa ya kupita moja kwa moja bila kitunga-madirisha, hivyo zenyewe zinaweza kuchana hata kwenye dirisha.

Sababu ya tatu ni monita mbili zenye kasi tofauti, mfano 144 Hz na 60 Hz. Chomoa ya pili ujaribu. Tatizo likiondoka, basi video au kivinjari kilichokuwa wazi kwenye monita ya pili ndicho kilichokuwa kikivuruga mpangilio. Sasisha draiva na Windows, kwa kuwa matoleo ya karibuni yanashughulikia mchanganyiko huu vizuri zaidi, na zima chaguo la kivinjari kutumia kadi ya michoro (hardware acceleration) kama bado kuna dalili.

VRR ipo, na bado picha inachanika

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, wakidhani wamenunua monita mbovu.

Angalia kwanza kama VRR inafanya kazi kweli. Monita nyingi zina chaguo la FreeSync au Adaptive-Sync kwenye menyu yake yenyewe, ile inayofunguliwa kwa vitufe vya chini au nyuma, na mara nyingi inatoka kiwandani ikiwa imezimwa. Iwashe huko kwanza, ndipo chaguo litokee kwenye draiva. Kwa NVIDIA, angalia pia kama G-SYNC imewekwa kwa skrini nzima pekee ilhali unacheza kwenye dirisha lisilo na kingo. Kadi za NVIDIA haziwashi FreeSync ya zamani kupitia HDMI. Zinahitaji DisplayPort, au HDMI 2.1 yenye VRR. Na ikiwa umewasha hali ya kupepesa taa ya nyuma ili kupunguza ukungu wa mwendo, kwenye monita nyingi hali hiyo inaizima VRR kimyakimya. Ushahidi wa mwisho uko kwenye monita: nyingi zina namba ya Hz inayoweza kuonyeshwa pembeni. Ukicheza na namba hiyo ikapanda na kushuka pamoja na FPS, VRR inafanya kazi. Ikiganda kwenye 144, haifanyi.

Ikiwa inafanya kazi na bado unaona mchaniko, soma ulipo. Mchaniko unaotokea FPS zinapokuwa juu, kwa mfano 160 kwenye monita ya 144 Hz, unatokana na kuvuka mpaka wa VRR. Monita haiwezi kwenda kasi kuliko kilele chake, na ikifika hapo VRR inaachia. Dawa ni kikomo cha fremu kilicho chini kidogo ya kilele. Kwa 144 Hz, watu wengi huweka 141, na NVIDIA Reflex, kipengele cha kupunguza ucheleweshaji, ikiwashwa pamoja na G-SYNC na V-Sync hujiwekea 138 yenyewe. Usiweke 144 kamili. Hakuna kikomo kinachogawa muda kwa usawa wa asilimia mia, na fremu moja ikiwahi kwa sehemu ndogo ya milisekunde imeshavuka mpaka.

Mchaniko unaobaki chini kabisa ya skrini, hata FPS zikiwa ndani ya eneo la VRR, una maelezo yake. Fremu moja imechukua muda mrefu na inayofuata imekamilika ghafla, kabla monita haijamaliza mistari ya mwisho. Kama V-Sync imezimwa, kadi inaibadilisha palepale. Kwa sababu hiyo, pamoja na VRR, washa V-Sync kwenye draiva. Inasikika kama kurudi kule tulikotoka, lakini sivyo: FPS zikiwa chini ya kilele, V-Sync haishiki usukani, inasubiri tu mistari hiyo michache ya mwisho iishe. VRR, V-Sync kwenye draiva, na kikomo chini kidogo ya kilele: utatu huu ndio ninaoutetea kuliko mpangilio mwingine wowote, na ukiuweka mara moja utasahau kwamba picha huchanika.

Upande wa chini nao una mpaka. VRR ya monita ina eneo lake, mfano kutoka 48 Hz hadi 144 Hz. FPS zikishuka hadi 40, draiva hurudia kila fremu mara mbili na monita ikaenda kwa 80 Hz, ambayo iko ndani ya eneo. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa kilele ni angalau mara mbili ya kima cha chini. Monita yenye eneo la 48 hadi 75 haina nafasi hiyo, na ikishuka chini ya 48 utaona mchaniko au mkwamo. Kwa monita kama hiyo, shusha ubora wa michoro mpaka FPS zisiguse 48 hata kwenye mapigano makali.

Mwangaza unaopepesa kwenye vyumba vyenye giza au wakati gemu inapakia, hasa kwenye paneli za VA na OLED, si mchaniko. Ni rangi za paneli kubadilika kidogo Hz zinaporuka. Kikomo cha FPS kinachofanya muda wa fremu utulie hupunguza hali hiyo kuliko kitu kingine chochote.

FPS zimeganda kwenye namba moja

Namba yenyewe inasema. Kadi iliyochoka hutoa namba zinazoyumba, 52, 57, 49. Namba iliyosimama wima ni amri ya mtu au programu.

Zikiganda kwenye namba ileile ya Hz za monita, V-Sync iko kazini, na kama namba hiyo ni 60 kwenye monita ya 144 Hz, rudi kuangalia kasi iliyochaguliwa kwenye Windows. Gemu nyingine zina orodha yao ya Hz ndani ya menyu ya michoro, ambayo inaweza kuwa imebaki kwenye 60 hata baada ya Windows kurekebishwa. Zikiganda kwenye 138 au 141, ni Reflex au kikomo ulichoweka zamani ukasahau. Zikiganda kwenye 30 kwa monita ya 60 Hz, au kwenye 72 au 48 kwa monita ya 144 Hz, ni V-Sync yenye bafa mbili: fremu iliyochukua milisekunde 17 imekosa zamu ya 16.67, basi inalazimika kungoja zamu inayofuata, na FPS zinaanguka hadi nusu. Washa bafa tatu kama gemu inalo chaguo hilo, au shusha ubora kidogo ili fremu iwahi zamu yake.

Zikishuka unaposimama tu na kupanda unapotembea, kama unatumia kadi ya AMD, zima Radeon Chill. Kazi yake ndiyo hiyo, kuokoa umeme usipogusa chochote. Zikishuka unapobofya nje ya gemu, ni kikomo cha programu zilizo nyuma kwenye draiva, na hakina madhara.

Kwenye laptopu, chomeka chaja kabla ya kulaumu chochote. Battery Boost na Whisper Mode za NVIDIA, pamoja na programu za watengenezaji wa laptopu zinazobadilisha hali ya umeme, huweka vikomo vyake bila kukuuliza. Laptopu nyingi pia hupitisha picha kwenye kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa kabla haijafika kwenye skrini, na njia hiyo huweza kuzuia G-SYNC isionekane kabisa. Kama laptopu yako ina swichi ya kuunganisha skrini moja kwa moja na kadi kubwa, igeuze, uwashe upya, ujaribu tena. Ikiwa haina, skrini ya nje iliyochomekwa kwenye tundu linalotoka moja kwa moja kwenye kadi kubwa huwa suluhisho.

Kisha kuna gemu zenyewe. Elden Ring ya mwaka 2022 haipiti FPS 60 kwenye kompyuta, hata kadi iwe na nguvu kiasi gani. Dark Souls ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2012 ilifungwa kwenye 30. Na Skyrim ya mwaka 2011 ilifunga hesabu za mwendo wa vitu pamoja na FPS, hivyo ukiivusha 60 vyombo vinaruka mezani unapoingia chumbani. Kabla ya kuondoa kikomo kwa faili la mipangilio au programu ya pembeni, jiulize kama kimewekwa kwa sababu ya aina hiyo. Kwa gemu za mtandaoni, kugusa faili za gemu kunaweza kukufungia akaunti.

Hakuna mchaniko, lakini mwendo si laini

Hili ndilo tatizo ambalo watu hulieleza vibaya zaidi, kwa sababu kihesabu kinaandika 60 bila kutikisika na bado jicho linalalamika.

Chukua monita ya 144 Hz isiyo na VRR, V-Sync imewashwa, na kikomo cha FPS 60. Gawanya 144 kwa 60 upate 2.4. Monita haiwezi kuonyesha fremu mara 2.4, basi nyingine inazionyesha mara mbili, kwa milisekunde 13.9, na nyingine mara tatu, kwa milisekunde 20.8. Mwendo unachechemea, na hakuna kadi mpya itakayoutibu. Weka kikomo cha 72, kila fremu ionyeshwe mara mbili sawasawa, au 48, kila moja mara tatu. Au shusha monita hadi 120 Hz, ambayo inagawanyika kwa 60, 40 na 30. FPS 40 kwenye 120 Hz inastahili kujaribiwa na mtu mwenye kadi ya wastani: kila fremu ni milisekunde 25, katikati kabisa ya 16.7 na 33.3, na tofauti yake na FPS 30 ni kubwa kuliko namba inavyoonekana.

Chanzo kingine ni vikomo viwili vinavyogombana. Gemu imewekwa 60, draiva 60, RTSS 60, na kila mmoja anahesabu kwa saa yake. Bakiza kimoja. Cha ndani ya gemu huwa na ucheleweshaji mdogo zaidi, kwa sababu kinaizuia gemu kabla haijasoma amri za kipanya, ila katika baadhi ya gemu hakigawi muda vizuri. RTSS ndiyo hunyoosha grafu vizuri zaidi, kwa gharama ya ucheleweshaji kidogo. Kikomo cha draiva ya NVIDIA, kilichoongezwa Januari 2020, kinakaribiana na RTSS. Kwa gemu za mashindano ningeanza na cha ndani ya gemu. Kwa gemu za hadithi ningeweka RTSS bila kusita.

Mkwamo unaotokea mara moja unapoingia eneo jipya au silaha mpya inapolipuka, kisha haurudii, hauhusiani na usawazishaji. Gemu inatayarisha programu ndogo za michoro (shaders) au inasoma diski. Vikomo na V-Sync haviufikii.

Kipanya kinahisi kizito

V-Sync ikiwa imewashwa na kadi ina uwezo wa FPS 200 kwenye monita ya 60 Hz, fremu zinapanga foleni. Unachokiona sasa ni amri uliyoitoa fremu kadhaa zilizopita. Kwa mwenye VRR, ule utatu wa juu umeshalimaliza tatizo hili. Kwa asiye nayo, kuna njia inayosaidia sana: tafuta kasi halisi ya monita, ambayo mara nyingi si 60 kamili bali kitu kama 59.95, kisha weka kikomo cha RTSS chini yake kwa sehemu ndogo sana, mfano 59.94, huku V-Sync ikiwaka. RTSS inakubali desimali. Foleni haipati nafasi ya kujaa, na mkono unahisi wepesi mara moja. Utaona fremu moja ikirudiwa mara chache, kwa sababu kadi inapungua kidogo kuliko monita, lakini ni nadra.

Hata bila V-Sync, kadi inayofanya kazi kwa asilimia 99 huongeza ucheleweshaji, kwa kuwa prosesa inaitangulia na kujaza foleni ya kazi. Weka kikomo kinachoiacha kadi kwenye asilimia 90 hivi, au washa Reflex kama gemu inayo. Kikomo hicho pia hutuliza joto na feni, na huzuia menyu za gemu zisikimbie kwa FPS mia kadhaa bila sababu.

Ukitumia uzalishaji wa fremu, kama ule wa DLSS 3 ya NVIDIA, ambapo kadi hubuni fremu za ziada kati ya zile za gemu, kumbuka kwamba kikomo huhesabu fremu zinazotoka, si zinazochorwa na gemu. Kikomo cha 138 maana yake gemu yenyewe inaenda kwa 69, na mkono unahisi 69.

Kwa wanaotumia Linux

Kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, draiva za AMD na Intel zina chaguo liitwalo TearFree, na NVIDIA ina njia yake ya kulazimisha picha yote ipitie kitunga-picha cha draiva. Wayland, mfumo mpya zaidi, imejengwa kuanzia mwanzo ili isichane, na ruhusa ya kuchana kwa anayetaka ucheleweshaji mdogo iliongezwa baadaye. Ikiwa uko kwenye X11 na unapambana na mchaniko kwa muda mrefu, ingia kupitia Wayland ujaribu kabla ya kuandika faili lolote la mipangilio. Programu ya MangoHud inatoa takwimu, grafu na kikomo cha fremu kwa pamoja.

Tatizo likigoma

Ikiwa ni gemu moja tu inayosumbua, nakili faili lake la mipangilio pembeni, ulifute, uache gemu iandike jipya. Ikiwa ni gemu zote, ondoa draiva kabisa na kuiweka upya, kisha ufungue paneli yake kuhakikisha hakuna mpangilio wa zamani uliorudi. Baada ya hapo jaribu kebo nyingine, na ukipata nafasi, chomeka monita hiyohiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ikichana huko vilevile ikiwa na VRR na kikomo sahihi, angalia kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya ndani ya monita, na kama hakuna, irudishe chini ya dhamana ikiwa dhamana bado hai.